Kadi ya Kliniki Haikuliwa na Mchwa

Al Amerat, Maskati
Ijumaa, baada ya swala

Mwanangu Rehema,

Assalam aleikum. Kabla hujaenda mstari wa pili, huyo aliyekukabidhi bahasha usimwache mlangoni. Mkaribishe, mpe maji, mpe na kigoda akae. Anaitwa Zuhura. Yule mama aliyefuatana naye ni Mama Ana wa Mpwapwa, tumefahamiana huku, amemaliza mkataba wake anarudi kwao. Nakuomba uwalaze usiku mmoja tu, kesho mama yake Zuhura atafika kutoka Manyoni kumchukua. Kwa nini nimewaelekeza kwako na si kwa mtu mwingine, utaona huko mbele. Soma pole pole. Mimi mwenyewe na darasa langu la nne barua hii nimeianza Jumatatu, leo ndiyo namalizia.

Hujambo mama? Kile kikohozi cha vumbi la Dodoma kimepoa? Bado unakunywa chai ya rangi asubuhi bila kitafunwa? Usinijibu kwa hasira, nauliza tu, mama haachi kuuliza. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila magoti yanalalamika kwa hizi ngazi za marumaru. Moyo ndio sitakudanganya, haupo sawa.

Najua simu yangu hupokei. Nimepiga mpaka Bi Asya akaniambia, "Hebu iwache simu hiyo, itakuunguza sikio." Bi Asya ndiye bibi ninayemtunza. Ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kama halua. Mwanawe ndiye kafili wangu, yaani ndiye aliyeniandikisha kazi, na mke wa mwanawe, Bi Thuraya, anafanya kazi mjini, huvuka mlima na gari asubuhi akarudi jioni. Kwa hiyo kutwa tupo wawili, mimi na bibi. Namwogesha, namkanda miguu, napika, tunabishana. Sipigwi, sifungiwi, chakula nakula wanachokula. Nakwambia hivyo usije ukadhani nimeandika kujililia. Kitu cha kuchekesha, wewe wakala wa kazi alikuongezea miaka ulipoletwa huku, mimi amenipunguzia. Kwenye pasipoti nina thelathini na nane! Bi Asya alipoona akasema, "Basi mie nna arubaini, tutafute waume."

Mimi na wewe hatujaongea tangu siku ile uliponiomba nikaape upya kuhusu umri wako. Najua unaikumbuka, lakini acha niiandike, nimeamua safari hii niandike mambo kama yalivyokuwa. Ulikuja Kondoa na barua ya chuo cha uuguzi. Miaka yote ile ulikuwa unadeki zahanati mchana, jioni unasoma, ukafaulu kidato cha nne, na chuo kikakukubali. Kilichokwamisha ni umri. Cheti cha darasa la saba kinasema wewe ni binti mdogo, kitambulisho kilichofuata pasipoti kinasema ni mtu wa kukaribia thelathini. Ukaniambia, "Mama, wamesema aliyeapa mwanzo ndiye akaape kwamba haikuwa kweli. Ni wewe tu." Mimi nikakujibu, "Unataka mama yako afungwe kwa ajili ya karatasi?" Ukaniuliza basi kadi ya kliniki iko wapi. Nikasema imeliwa na mchwa. Ukakunja barua yako ukaondoka, hata chai niliyokumiminia hukuigusa. Ilipoa pale pale mezani, nikaimwaga.

Sasa nikueleze habari ya huyu mtoto.

Alifika nyumba ya jirani baada ya Idi. Ukuta wetu na wao ni mmoja. Siku ya kwanza alitumwa kuomba ndimu. Nikafungua geti nikaona ushungi mkubwa na macho mawili. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, unatoka wapi?" "Manyoni." "Una miaka mingapi?" Akanyooka kama yupo mstarini shule, akasema miaka ishirini na tatu, akaongeza na tarehe, na mwezi, na mwaka wa kuzaliwa, kwa pumzi moja, mimi sikuwa nimemuuliza vyote hivyo. Bi Asya yupo kwenye kiti chake kivulini anasikia. Akapaza sauti, "Ishirini na tatu ya nini, ya siku?" Yule mtoto akacheka. Alipocheka akaziba mdomo kwa kiganja, akachukua ndimu akakimbia. Mtu wa miaka ishirini na tatu hakimbii na ndimu, Rehema. Nikaona, lakini nikajifanya sijaona. Nikarudi jikoni nikaendelea na mchele wangu.

Siku nyingine nimepanda juu kuanika nguo, nachungulia upande wa pili, nikamwona nyuma ya tangi la maji. Amechuchumaa na vijiwe vyake, anacheza mdako peke yake. Anarusha kimoja, anazoa vingine, anadaka, midomo inahesabu. Pembeni yake kuna kopo kubwa la samli, tupu. Nikadhani ni la takataka. Baadaye ndiyo nikamwona analisogeza chini ya kamba, anapanda juu yake ndipo anaifikia kamba ya nguo. Hapo pia nikajifanya sijaona. Nikajiambia nina ya kwangu, nisijitie kwenye nyumba za watu.

Siku iliyonikamata ni hii. Ilikuwa baada ya alasiri, jua linachoma hata ukuta huwezi kuugusa. Madamu wake ametoka na watoto, amesahau kumwachia ufunguo, mtoto amefungiwa nje. Akaja kukaa kwenye kizingiti cha geti letu, penye kivuli. Nikaenda kumchukulia maji. Kurudi namkuta amejikunja ubavu, usingizi umemchukua, na ndala zake zipo miguuni. Amezishika kwa vidole vya miguu, amezikaza, kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nikamgusa bega kidogo tu nimwamshe anywe. Aliruka akasimama wima, anasema, "Naam madamu, nakuja madamu," macho bado hayajafunguka.

Birika la maji likaniponyoka mkononi.

Maana uliporudi na wewe ulikuwa unalala na ndala miguuni. Ulirudi na miaka kumi na saba, umekonda, huongei, unalala na ndala. Mimi mama yako nikakucheka mbele ya watu. Nikasema, "Mwenzetu amezoea marumaru, ardhi yetu ya udongo inamchoma." Shangazi yako akacheka, na mimi nikacheka. Nikikuita ukiwa chumbani ulikuwa unatokea mbio umesimama mbele yangu mikono nyuma, mimi nikasema sasa umefundishwa adabu. Mwanangu. Sikujua nilikuwa naangalia nini.

Nikamketisha Zuhura, nikamuuliza taratibu, "Hiyo ishirini na tatu alikufundisha nani?" Akatazama kwanza kama Bi Asya anasikia. Akasema, "Mama."

Hapo nikakosa pa kujificha. Kama angesema wakala, ningemlaani wakala nikalala. Lakini alisema mama. Nikakumbuka stendi ya Kondoa, ile benchi ya saruji, tunalisubiri gari la wakala, mimi nakuuliza kama mwalimu. Una miaka mingapi? Ukasema kumi na minne. Nikakufinya hapa ndani ya mkono, panapouma. Una miaka mingapi? Ukasema kumi na... ishirini na mbili. Nikasema usisite, uwanja wa ndege nako utasita? Tukarudia, tukarudia. Mpaka gari linafika ulikuwa unaitamka bila kusita, na mimi nikafurahi. Nilifurahi, Rehema, sitaki kukuficha. Nikakununulia andazi kwa kufaulu. Ukapanda gari umelishika mkononi, hukulila.

Watu wanasema baba yako alikuwa mgonjwa, nyumba inavuja, mvua hazikunyesha, jirani yetu Mama Asha naye amempeleka wake na sasa wana bati. Yote kweli. Lakini wagonjwa walikuwepo na kwenye nyumba ambazo hazikupeleka mtoto. Bati ulituezekea na wewe. Mvua ikinyesha juu ya lile bati majirani wanasema tunalala raha. Baba yako Mungu amrehemu hakuwahi kulisifu hata siku moja, na mimi nilikuwa namgombeza kwa hilo. Sasa naona yeye alikuwa anasikia kitu.

Na kadi haikuliwa na mchwa. Niliichoma mimi. Wakala alisema isionekane ndani ya nyumba, na kweli usiku ule kabla ya safari, wewe unasukwa nywele kwa shangazi yako, niliitia kwenye mafiga. Ilikuwa na vile vidoti vya kilo, nesi ameviunganisha kwa kalamu ya bluu, mstari wako ulikuwa unapanda vizuri, yule nesi alikuwa ananisifu mbele ya wenzangu. Nikautazama mstari ule unajikunja na moto. Kwa hiyo ulipokuja kuniuliza kadi iko wapi, nilijua iko wapi.

Nilimweleza Bi Asya yote. Nilitegemea atanifukuza. Akasema, "Miye nlozaa saba siwezi kukuhukumu. Lakini huyu wa ukutani bado hajarudi kwao, na wewe una miguu." Jioni Bi Thuraya aliporudi wakazungumza, kesho yake bibi akamwita yule madamu wa Zuhura aje wanywe kahawa. Walizungumza kwa Kiarabu, mimi namimina tu, Bi Asya akanitafsiria baadaye. Yule madamu alisema, "Karatasi imesema ishirini na tatu, mimi ningejuaje?" Bibi akamwambia, "Macho umepewa ya kutazamia nini, mwanangu?" Mwanamke wa watu akalia. Si mtu mbaya. Aliona kopo la samli kila siku kama mimi nilivyoliona kila siku.

Tatizo likawa mama mtu. Bila mama kusema ukweli, mtoto kwenye karatasi ni mtu mzima mwenye mkataba. Zuhura akanipa namba, nikapiga. Nikajieleza. Yule mama akaja juu, "Wewe nani? Mwanangu mkubwa, ana mwili mdogo tu, kwetu wote tuko hivyo!" Nikamwacha amalize. Akasema, "Unataka nifungwe?"

Hayo hayo, Rehema. Maneno yangu, kwa sauti ya mtu wa Manyoni.

Nikamwambia, "Dada, na mimi nilisema hivyo. Wangu sasa hapokei simu yangu. Wako bado anauliza vijiwe vya mdako alivyoviacha nyumbani umempa nani." Nasikia kuku wake tu wanalia huko nyuma. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ana kumi na tatu. Hajatimiza kumi na nne." Akalia, na mimi nikalia, Bi Asya anatuambia kutoka kwenye kiti, "Lieni, lakini msikate simu, muulize kadi yake anayo?" Anayo. Aliificha kwenye pipa la mahindi, hakuwa na moyo wa kuichoma. Alikuwa mama kuliko mimi.

Bi Thuraya alichukua ruhusa kazini, akatupeleka ubalozini, mimi na Zuhura na yule madamu wake. Afisa aliyetupokea ni mtu wa makamo, mpole. Akaitazama picha ya kadi iliyotumwa kwenye simu, akamtazama mtoto, akavua miwani. Akaanza kuandika hati ya Zuhura ya kurudi kwao. Mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha, ningeweza kwenda kukaa kwenye gari. Nikabaki nimesimama. Akaniuliza, "Mama, na wewe una shida?" Nikasema, "Ninayo. Na mimi niliapa uongo kwa wangu."

Alinieleza vizuri, sitasema hakunieleza. Alisema kiapo cha mwanzo kilikuwa kosa, na sheria ikitaka kuniuliza itaniuliza nikirudi. Nikamwambia waniulize, nitajibu bila kusita. Akachukua kalamu. "Tarehe ya kuzaliwa ya binti?" Rehema, sikuijua. Ile ya uongo naijua mpaka leo kama jina langu, ile ya kweli ilikuwa kwenye kadi. Nikamwambia ulizaliwa wakati wa palizi, siku ya gulio, siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, na mwaka wenyewe ni ule mto uliposomba daraja letu. Akasema, "Mama yangu, serikali haina palizi." Lakini hakunifukuza. Akaanza kuhesabu na mimi, lini ulianza la kwanza, lini ulimaliza la saba, akapata mwaka. Akafungua simu yake akatafuta Idi ya kuchinja ya mwaka huo iliangukia lini. Akarudi nyuma siku tatu kwa kidole. Akaniuliza, "Gulio lenu siku gani?" Nikasema Jumatano. Akanigeuzia simu nione. Ilikuwa Jumatano.

Nikaomba kalamu nitie saini.

Hati hiyo ndiyo ipo humu ndani ya bahasha, imefungwa kwenye nailoni isilowe. Ina saini yangu na muhuri. Tarehe yako sikuandikii hapa, ifungue uisome mwenyewe, ni yako. Afisa amesema uende nayo kwa watu wa vitambulisho pamoja na cheti cha la saba, na wakitaka rejista ya shule ya msingi, mwalimu mkuu anakujua. Kama chuo kitakuwa kimemweka mtu mwingine kwenye nafasi yako, sina la kusema. Miaka miwili nimekuchelewesha kwa mdomo wangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wala sikuombi upokee simu. Nilitaka tu iwepo karatasi mahali fulani yenye saini ya mama yako inayosema ulikuwa mtoto. Ulipofika huku Maskati, ukapewa nyumba nzima ya kudeki, hukuwa mzembe, hukuwa mvivu, wala hukuwa mzito wa kuelewa kama walivyonilalamikia kwenye simu na mimi nikawaunga mkono. Ulikuwa mtoto. Nimesimama kwenye hizi sinki zao, nimeona urefu wake. Sijui wewe ulipanda juu ya nini.

Nimehesabu pia, na vidole, nikarudia. Ile ishirini na mbili niliyokufinya uitamke, mwaka huu ndiyo umeifikia kweli. Ukiulizwa sasa, iseme tu.

Nisalimie mdogo wako Jumanne, mwambie ada ni yangu, kusoma ni kwake, na asikuazime simu kila saa. Msalimie shangazi yako aliyekusuka siku ile, naye nitamwandikia, tulicheka wote. Ukipata mtu wa Kondoa anayekwenda, mwambie amsalimie mwalimu mkuu wako aliyekuja nyumbani kwa baiskeli kuniomba usiondoke, nikamwambia akalee wake. Bi Asya anakusalimia sana. Anasema ukija kuwa nesi amekuwekea miguu yake, mimi namkanda vibaya.

Sasa mwangalie Zuhura. Bila shaka amekaa ukingoni mwa kigoda anasubiri atumwe. Usimtume. Atataka kuosha vyombo, mkatalie. Mama Ana amechoka na safari, atalala mara moja, kwa hiyo hili nakuachia wewe, wewe peke yako ndiye unayelijua. Usiku akipitiwa na usingizi utamkuta na ndala miguuni. Mvue. Taratibu, moja moja, asishtuke, uziweke karibu azione akiamka. Mimi zako sikukuvua.

Ni mimi mama yako mzazi,
Mwanaidi, Mama Rehema